Masika ya Kusoma Chali

Chang'ombe, 5 Machi 1951

Naanza kuandika humu kwa sababu nisipoandika nitagombana na mtu. Anastasia amerudi kutoka hospitali na plasta nyeupe kuanzia kiunoni mpaka vidole vya mguu wa kushoto. Ana miaka tisa, na alipanda mzambarau wa watu ambao zambarau zake zilikwisha zamani, akaanguka, akavunja mguu. Nilipomuuliza alikuwa anatafuta nini juu ya mti usio na kitu, alisema alitaka kuhakikisha. Daktari ameagiza alale chali mpaka mwisho wa Mei.

Adelard, mume wangu, alipotoka kazini alipitia shuleni kwa mtoto. Sista Tekla, mkuu wa shule, amesema nafasi ya Anastasia katika darasa la tatu ataishika mpaka masika yaishe. Juni apelekwe akapimwe. Akiwa sawa na wenzake, atarudi. Akiwa amebaki nyuma, nafasi atapewa mwingine, maana wasichana wanaosubiri ni wengi. Hakusema kwa ubaya, na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Mimi nilisoma kwetu Bukoba mpaka darasa la sita, nikafundisha kidogo kabla ya kuolewa. Kwa hiyo mwalimu yupo. Tunachokosa ni mahali.

7 Machi

Tunakaa chumba kimoja, na hicho kimejaa vitanda na masanduku. Leo nilimlaza mtoto kwenye mkeka ukumbini, ambako wapangaji wote wa nyumba hii hupita. Kila aliyepita alisimama kutoa pole. Mmoja akakaa kabisa, akamsimulia habari za binamu yake aliyekatwa mguu. Hesabu tuliyoanza asubuhi haikuisha.

9 Machi

Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, amekuja kuniona. Ni Mzaramo, mjane, mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilidhani amekuja kulalamika kwamba tumeziba njia.

"Mama Anastasia," akasema, "kile chumba changu cha uani nimewekea nazi. Nazi zinaweza kulala popote. Mlaze mwanao humo asome."

Akaongeza kwamba ana neno moja tu: mjukuu wake Tabu, mwenye miaka minane, akae humo pia. "Alasiri anakwenda chuoni kusoma Kurani, dini yake anaipata huko. Wewe mpe kuandika na hesabu. Shule za wasichana hazipo za kutosha hata kwenu wenye masista, sembuse sie."

Nimekubali kabla hajamaliza.

12 Machi

Siku tatu za kazi. Tumetoa nazi, makuti, vitanda viwili vilivyokatika kamba, na nge mmoja ambaye Tabu alimpiga kwa mchi bila kupepesa macho. Nimepaka kuta chokaa. Dirisha ni dogo, lakini linatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi mwanga unatosha. Adelard ameleta ubao wa sanduku la mizigo, nami nimeupaka masizi ya chungu niliyoyakoroga na uji wa muhogo. Umekauka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tuliutundika ukutani, tukambeba Anastasia na kumlaza kitandani, nikaandika tarehe kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Akasema, "Mama, mie naona boriti tu."

Mtu aliyelala chali haoni ukuta. Sisi watu wazima wote hatukuliwaza hilo. Basi tumeushusha, tukaufunga kwa kamba kwenye boriti, ukaning'inia juu ya kitanda kama chandarua, umeinama kidogo upande wa miguu. Sasa anaona. Mimi naandika mkono ukiwa juu na shingo imepinda, na unga wa chaki unamwangukia mtoto usoni. Tabu naye, ili aone, imebidi apande kitandani alale karibu na mwenzake. Nina darasa la wanafunzi wawili, na wote wamelala.

15 Machi

Mvua ya kwanza. Chumba cha nazi hakivuji. Chetu kinavuja.

20 Machi

Tabu hajawahi kushika kalamu ya risasi, ila anakamata haraka. Leo aliandika jina lake na kuniuliza kwa nini ni fupi hivyo. Anastasia amepata mtu wa kumsimamia, na jambo hilo linamponya kuliko dawa.

31 Machi

Mama mkwe amefika kwa gari moshi kutoka Mwanza, baada ya meli kutoka Bukoba. Amekuja kumwuguza mjukuu wake. Jina lake ni Kokushubila, na Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Ameleta kahawa za kutafuna, senene, panzi wa kwetu, waliokaangwa, na shutuma. Nimekonda. Adelard amekonda. Nyumba ina ukungu. Mtoto anashinda katika ghala. Nikamweleza kwamba si ghala, ni chumba cha kusomea, na mwenye nyumba ametupa kwa hisani yake. Akasema, "Mm."

6 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mama mkwe anasema kuni zangu ni mbichi. Kuni za mji mzima ni mbichi.

11 Aprili

Leo mama mkwe aliingia darasani, akawatazama wale watoto wawili waliolala, akamgeukia Tabu, akamuuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe unasoma?"

Tabu akajibu kwa adabu, "Ndiyo bibi, nasoma."

Mama mkwe akafurahi sana, akampapasa kichwa. Nami nikafurahi kumwona amefurahi, nikaendelea na jedwali la saba.

14 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jioni, Anastasia tukiwa tumekwisha kumrudisha chumbani kwetu, Shomari alikuja. Ni mwana wa Bi Mwanakombo, baba yake Tabu. Huchukua samaki Kunduchi kwa baiskeli na kuja kuwauza huku. Kwa kawaida husalimia watu wote uani. Leo alinipita, akaingia chumba cha nazi, akatoka na kibao cha mwanawe cha kuandikia, akafunga mlango kwa kufuli.

Nikamuuliza kuna nini. Alizungumza taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama Anastasia, sie tumekupa chumba. Hatukukupa mtoto."

Akafungua kiganja. Kulikuwa na medali ya Bikira Maria, ndogo, kwenye uzi wa buluu. Tabu aliivaa shingoni kwenda chuoni. Mwalimu wa chuo aliiona mbele ya watoto wote, akampeleka nyumbani mwenyewe, na njia nzima watu walitoka milangoni kuuliza. Shomari akampa mama yake ile medali, akaondoka.

Nilijua palepale imetoka wapi. Anastasia anayo ya uzi kama huo, aliyoletewa na bibi yake. Nikamwita Tabu, lakini Bi Mwanakombo alikwisha kumwingiza ndani.

Sasa nimekaa kitandani, Anastasia analia bila sauti, na ubao umefungiwa ndani na hesabu za jana. Mitihani ni Juni. Huku kwetu panavuja mahali pawili juu ya kitanda chake. Adelard anasema tutafute chumba kwingine. Nani atatupa chumba katika masika, na mtoto asiyekunjika?

15 Aprili, Jumapili

Nilimuuliza mama mkwe, kwa upole niliojikusanyia njia nzima kutoka kanisani, kwa nini alimvisha mtoto wa Kiislamu medali. Alinishangaa.

"Si alisema anasoma?"

Hapo nikaelewa, nikashika kichwa. Kwetu Bukoba mtu anayesoma ni Mkristo. Dini iliingia pamoja na kitabu, na neno likabaki moja. Tukisema twende tukasome, maana yake twende kanisani. Mimi nimekaa pwani miaka mingi, masikio yangu yamebadilika. Ya kwake hayajabadilika. Alimkuta mtoto amelala na mjukuu wake, akamuuliza kama ni Mkristo, mtoto akajibu ndiyo. Basi akampa medali ya pili, aliyokuwa amemletea mtoto wa mwenzetu mmoja wa kanisani.

Sikuweza kukasirika, ingawa nilikuwa nimejitayarisha.

17 Aprili

Siku mbili nimezunguka uani nikitafuta namna ya kumweleza Bi Mwanakombo bila kumwaibisha mama wa mume wangu. Leo asubuhi mama mkwe alivaa nguo yake ya kanisani, akachukua kahawa za kutafuna kwenye kijikapu, akaniambia, "Nipeleke kwa mwenye nyumba. Wewe utafasiri, usiongeze lako."

Bi Mwanakombo alikuwa barazani anasuka ukili. Alitukaribisha mkekani, kwa kuwa hawezi kutomkaribisha mgeni, lakini hakuacha kusuka.

Mama mkwe akasema kwa Kihaya, nami nikafasiri: "Nilimuuliza mtoto kama anasoma. Akaniambia anasoma."

"Sasa si anasoma kweli?" akasema Bi Mwanakombo.

Nikamweleza maana ya neno lile kwetu. Vidole vyake vikapunguza mwendo.

"Kwa hiyo mie, kwenu, sisomi."

Nikafasiri. Mama mkwe akamtazama vizuri, akasema hapana, husomi.

"Mwambie nimehitimu Kurani mie kabla sijavunja ungo."

Nikafasiri hilo pia. Mama mkwe akafikiri. "Mwambie anasoma, basi. Ila si kama sisi."

Nilitamani kuongeza langu, lakini nimekatazwa. Mabega ya Bi Mwanakombo yakaanza kutikisika, na mama mkwe alipomwona anacheka akacheka naye, bila kujua hasa nini kinachochekesha. Kisha mama mkwe akanyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili, "Nisamehe. Kosa langu mimi. Siyo huyu."

Alimaanisha mimi. Miaka kumi na moja nimekuwa mkwe wa mwanamke huyu, na sikuwahi kumsikia akinitetea.

Bi Mwanakombo akafungua fundo la kanga, akatoa ile medali. Alikuwa ameitunza. "Sikuweza kuitupa," akaniambia. "Ni dini ya mtu." Akamrudishia mwenyewe. "Mie nimesikia. Lakini aliyetahayari mbele za watu ni mwanangu. Yeye ndiye wa kusema."

18 Aprili

Shomari amesema. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mie sikatai mtoto asome. Lakini mlango uwe wazi, kila mtu aone. Na dini isiingie humo, yenu wala yetu."

Nimeahidi mbele ya mama yake. Kufuli limetoka. Jedwali la saba lilikuwa bado juu ya ubao.

23 Aprili

Mlango ukiwa wazi, kelele zote za ua zinaingia. Leo Bi Mwanakombo amehamisha mkeka wake, ameketi hapo hapo kizingitini. Nilidhani anatulinda tusifundishe dini, na labda ndivyo. Lakini mke wa seremala, mpangaji mwenzetu, alipoanza kutwanga kisamvu, aliambiwa, "Mwanangu, watoto wanahesabu. Utatwanga wakitoka." Mke wa seremala akabeba kinu chake. Katika ualimu wangu sijapata msaidizi wa namna hiyo.

2 Mei

Mama mkwe na Bi Mwanakombo wanatafuna kahawa pamoja kizingitini. Hawaelewani maneno. Wanaelewana kuhusu wapangaji.

12 Mei

Adelard ameleta habari kutoka kwa Sista Tekla za mambo atakayopimwa mtoto: hesabu, kusoma, imla, na katekisimu.

Katekisimu. Ni shule ya masista, ningefikiri nini? Nilishughulika kuiweka dini nje ya mlango mpaka nikasahau kwamba Juni itaulizwa.

"Rudishia mlango tu," Adelard akasema. "Siku chache. Nani atajua?"

Nikamwambia nimeahidi. Akasema ahadi ni kwa ajili ya Tabu, si kwa Anastasia. Nikamwambia chumba ni kimoja na masikio ni ya wote wawili, na Bi Mwanakombo akihama kizingitini mwaka huu hatarudi tena. Tulirushiana maneno mpaka mama mkwe akauliza kuna nini. Akaelezwa.

"Nipeni mimi," akasema. "Huku ndani kwetu, jioni. Nyinyi mnagombania nini?"

Nikasema asante kabla mume wangu hajapata neno jingine. Kuanzia leo, mtoto akisharudishwa kitandani kwake na ndoo ikishawekwa chini ya panapovuja, bibi na mjukuu wanaanza.

19 Mei

Nawasikia nikiwa jikoni. Swali, jibu, swali, jibu. Sauti ya mama mkwe haina ukali niliouzoea.

26 Mei

Plasta imekatwa. Mguu umekuwa mwembamba hata nimeogopa. Amekaa kwa mara ya kwanza, kizunguzungu kikampata, akaomba alazwe tena.

28 Mei

Homa imenishika.

30 Mei

Bado homa. Bi Mwanakombo ameniletea uji wa pilipili manga, akanitazama mpaka nikaumaliza. Ameniambia watoto wanafundishana wenyewe na yeye yupo kizingitini. Sijui nitamlipa nini mwanamke huyu. Nilimwambia hivyo, akasema nilale.

3 Juni, Jumapili

Nimepata nafuu. Baada ya misa nilimkalisha Anastasia nimwulize katekisimu kidogo, kujiridhisha tu.

"Nani aliyekuumba?"

Akanijibu vizuri, bila kusita, kwa Kihaya.

Nikamwuliza la pili. Kihaya. La tatu. Kihaya. Nikamwambia ajibu kwa Kiswahili, akanitazama kama nimemwomba ajibu kwa Kijerumani. Bila shaka. Bibi yake anaijua kwa lugha moja tu, na mimi nilikuwa nikisikiliza kwa masikio ya kwetu, jikoni, wala sikugutuka. Sista Tekla ni mtu wa Songea. Mitihani ni kesho.

Tulijaribu mpaka mtoto akaanza kuchanganya ya Kihaya na ya Kiswahili na kukosa yote mawili. Nikaacha. Mama mkwe alikaa pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ameharibu tena. Nikamwambia hapana. Sikuwa na hakika.

4 Juni, Jumatatu

Nitaandika yote, sitaki kusahau.

Barabara ilikuwa maji matupu. Adelard hana ruhusa kazini, na Anastasia hawezi kwenda hatua nyingi. Asubuhi nilimkuta Shomari uani anafunga mto wa kitandani juu ya kile kiti cha nyuma cha baiskeli anachofungia matenga ya samaki. Sikumwomba. "Samaki watasubiri," akasema. Akampakia mtoto, mguu umenyooka pembeni, akaikokota baiskeli majini mpaka mjini, nami nyuma nikiwa nimekunja kanga. Tulifika tunanuka Kunduchi.

Hesabu alizimaliza kabla ya muda. Imla, makosa mawili. Akapewa kitabu asome. Akaketi sawasawa kwenye kiti, akakiinua kitabu juu ya kichwa kwa mikono miwili, akainua uso, akasoma hivyo hivyo ukurasa mzima. Sista Tekla akanitazama. Nikasema nitaeleza baadaye.

Kisha katekisimu. Nilishika mkono wa kiti.

Swali la kwanza. Anastasia akafungua mdomo, akafunga, akanitazama, halafu akajibu kwa Kihaya. Sista akauliza la pili, akajibu kwa Kihaya. Sista akaendelea, sijui kwa nini, akauliza yote, na yote yakajibiwa kwa sauti ya mama mkwe, na vituo vyake, na hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya amri za Mungu.

"Sijaelewa hata neno moja," akasema Sista Tekla. "Sasa niambie kwa Kiswahili, ulikuwa unasema nini?"

Hakuwa na majibu ya Kiswahili ya kukariri. Kwa hiyo akaeleza. Polepole, kwa maneno yake, kama anavyomweleza Tabu hesabu. Alipofika kumpenda jirani alisema jirani ni mtu anayetoa nazi zake nje ili wewe ulale ndani. Sista akaweka chini kalamu.

"Wenzake wananiimbia," akaniambia. "Huyu anajua anachosema. Aje Jumatatu ijayo."

Nililia, sioni haya kuandika. Shomari, aliyekuwa akisubiri nje, aliponiona hivyo alidhani mtoto amekosa, akaanza kunipa pole. Ilibidi nimkatize. Akaitazama mbingu, akasema alhamdulillahi, akapiga kengele ya baiskeli njia nzima ya kurudi.

Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani kwenye matope. Nilimshika mikono yake yote miwili nikamwambia amefaulu kwa maneno yake. Akasema, "Mm." Kisha akaugeukia ukuta wa nyumba kwa muda mrefu.

7 Juni

Mwezi umeandama, wenzetu wameanza kufunga. Mvua imekatika.

11 Juni, Jumatatu

Anastasia amekwenda shule, kwa fimbo na kwa majivuno. Adelard amempeleka.

Nilifagia chumba cha nazi, nikafungua kamba za ubao, nikaenda kwa Bi Mwanakombo kumrudishia chumba chake na shukrani zangu zote, nilizozipanga usiku kucha. Sikumkuta. Jioni, karibu na kufuturu, Shomari alikuja mlangoni kwetu na baiskeli yake. Tabu alikuwa nyuma yake, na kibao kifuani. Shomari alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama Anastasia. Wako amepimwa." Akawa anatazama mnyororo wa baiskeli. "Na wangu atapimwa lini?"

Nilimtazama yule mtoto. Miezi yote mitatu nilikuwa nikihesabu Juni ya mwanangu, na yeye amelala pale pale, ubavuni, anajifunza kila kitu, wala mimi sikuwahi kumwekea Juni yake.

Nikasema shule ya serikali hupokea Januari. Nitakwenda mwenyewe kuuliza kama wana nafasi za wasichana, na mpaka hapo aje kila asubuhi kama kawaida. Nikamshukuru kwa kuniletea mtoto. Shomari akasema sivyo, mwenye kushukuru ni yeye. Nikamwambia hajui anachosema, wenye deni la shukrani ni sisi, tangu siku ya kwanza. Akakataa. Tulibishana hivyo mlangoni, kila mtu akimrudishia mwenzake, mpaka adhana ikaadhiniwa na Bi Mwanakombo akatuita sote tukafuturu.